Ringi za Gari la Mzee Bundala

Nilipokabidhi funguo za stoo ya gereji, vijana niliowaacha waliniomba niwaandikie mambo ya injini. Walitaka hasa habari za injini iliyofumuliwa, ikafungwa upya kwa vipuri vipya, halafu ikaanza kula oili kuliko ilivyokuwa mwanzo. Wamechoka kulaumiwa na wateja. Nimekubali, ila nawatahadharisha kwamba mtayapata mnayoyataka yakiwa yamechanganyika na jambo ambalo hamkuliomba. Nimekaa nalo miaka kumi na minne na sioni namna ya kueleza ya injini nikayaacha ya mtu.

Nilianza kazi Ushirombo, kwa fundi mmoja Msumbwa aliyeitwa Mzee Petro. Siku ya kwanza sikushika spana. Alikuwa ameshusha injini ya lori na kuzipanga bolti zake zote mistari mistari juu ya gunia. Akanipa karai la mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, akaniambia nizisafishe na kuzirudisha kila moja mahali pake. Mimi nilizirudisha kwa ukubwa, ndogo huku na kubwa kule, maana niliona zinapendeza zaidi. Alizitazama, akazikusanya zote akazimwaga ndani ya karai, akaenda kula. Nilishinda na njaa mpaka jioni nikijaribu kila bolti kwenye tundu lake. Tangu siku hiyo sijawahi kuchanganya bolti, na tangu siku hiyo sipendi harufu ya mafuta ya taa.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Alikuwa na fila, lile fungu la vibati vyembamba vya kupimia nafasi, ambalo kibati kimoja kilikuwa kimekatika na hakuna aliyeruhusiwa kukitaja. Alikuwa na kibanio cha kubania ringi, zile pete za chuma zinazovishwa pistoni, alichojitengenezea kwa mkebe wa maziwa ya unga. Mikrometa hakuwa nayo. Alipitisha ukucha ndani ya silinda akakuambia imeliwa kiasi gani, na mara nyingi alipatia. Mara alizokosea hatukuzihesabu, kwa sababu tulimheshimu.

Jambo lake kubwa lilikuwa kuinyonyesha injini. Kwetu mtoto mchanga hatolewi nje mpaka kitovu kidondoke, na Mzee Petro aliitendea injini vivyo hivyo. Akimaliza kuifunga aliiwasha asubuhi, akaiacha sailensa, yaani inaunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, mpaka jua lizame. Hakuna aliyeigusa. Mteja akija aliambiwa asizidi mwendo wa arobaini kwa mwezi mzima na asipakie mzigo. Mzee alisema vyuma vipya vinahitaji kuzoeana taratibu. Nilimpenda yule mzee, na katika yote aliyonifundisha nililipenda hilo kuliko mengine, kwa sababu lilikuwa na huruma ndani yake. Alipofariki nilirithi fila yake na desturi yake, nikaenda navyo Segese.

Segese wakati ule ilikuwa inafumuka. Mgodi mkubwa ulikuwa umeleta magari, magari yakaleta vumbi, vumbi likatuletea kazi. Vyeo na mishahara naviruka. Itoshe kusema kwamba baada ya miaka kadhaa mimi ndiye niliyekuwa nasema injini hii ifunguliwe na hii isifunguliwe, na mwenye gereji alikuwa anakuja kufungua na kufunga geti.

Kashindye alitukuta hapo. Alitoka kijiji cha jirani, mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Tulikuwa takriban rika moja. Kazi alijifunzia kwenye injini za mashine za kukoboa mpunga, hakuwa na cheti cha aina yoyote, na hakuwa msemaji. Nilimpa kazi ya kufunga pistoni nikitarajia kumrekebisha, na sikupata cha kurekebisha. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa ringi. Alizilaza juu ya kitambaa cheupe alichokatiwa na mkewe kutoka kwenye shuka kuukuu. Kila ringi aliisukuma ndani ya silinda yake kwanza, akapima mwanya wa ncha zake kwa fila, akaandika namba kwa chaki ukutani. Kisha aliitafuta ile alama ndogo inayoonyesha upande wa juu, maana ringi ikigeuzwa inapandisha oili badala ya kuishusha. Mwisho alizungusha mianya ya ringi ili isikae mstari mmoja. Mkewe, Mama Ndalahwa, alikuwa anatuletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga siku za mnada, akasimama mlangoni akimtazama mumewe anavyofanya kazi. Alikuwa anajivunia, na hakuficha.

Sasa mjue kitu kimoja kuhusu miji ya dhahabu ya wakati ule. Kulikuwa na mafundi waliokuwa na mchezo wao. Mteja ananunua ringi mpya, fundi anampokea, halafu anazirudisha zile za zamani zikiwa zimesuguliwa kwa msasa, na mpya anaziuza kwa mwingine. Mchezo huo ulijulikana kote. Kwa hiyo gari likitoka gereji likatoa moshi wa bluu, mteja hakuuliza kwa nini. Aliuliza ni nani.

Mzee Bundala alikuwa na maduara mawili, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, nje ya Segese, na gari lake lilikuwa mkonga, zile gari ngumu za dizeli zenye bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo. Gari lile halikuwa la fahari. Mtu akiangukiwa na mwamba shimoni, ndilo lililomkimbiza hospitali, na pale machimboni hapakuwa na jingine. Tuliifungua injini yake yote. Silinda zilichongwa upya, ringi na pistoni zikanunuliwa na yeye mwenyewe, Kashindye akazifunga. Mimi nikainyonyesha, asubuhi mpaka jua lilipozama, nikiwa nimeweka oili nzuri ya bei ambayo Mzee Petro hakuwahi kuiona. Nikamwambia Mzee Bundala asizidi arobaini mwezi mzima na asipakie mzigo. Alikuwa mtu mtiifu. Alikwenda akafanya hivyo hivyo.

Wiki ya tatu alirudi akiwa na dumu la oili kwenye kiti cha mbele. Kila baada ya siku mbili alikuwa anaongeza. Moshi wake ulionekana kabla ya gari lenyewe.

Hapa ndipo mlipotaka nifike. Injini mpya ikila oili, kwanza msishike spana. Lala chini uangalie kama haivuji, maana nusu ya injini zilizosingiziwa kula oili zilikuwa zinaimwaga njiani. Ikiwa kavu, tazama moshi unatoka wakati gani. Ukitoka asubuhi gari linapowashwa tu kisha ukakata, shuku sili za valvu. Ukitoka pale dereva anaposhuka mteremko mguu ukiwa juu halafu akakanyaga ghafla, shuku nyumba za valvu. Ukitoka muda wote gari linapopanda limebeba mzigo, shuku ringi na silinda. Gari la Mzee Bundala lilitoa lilipopanda. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, uweke kiganja. Pumzi ikikusukuma, moto unapita pembeni ya pistoni na kushuka chini. Ilinisukuma. Mwisho pima mgandamizo kupitia matundu ya hita plagi, silinda moja moja, uandike. Halafu mimina kijiko cha oili ndani ya kila silinda upime tena. Mshale wa kipimo ukipanda, oili imeziba mahali ringi ziliposhindwa. Mshale usipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu.

Nilimimina kijiko, mshale ukapanda. Ukapanda kwenye silinda zote sita. Gereji nzima ilikuwa imesimama nyuma yangu, na ule mshale ulipopanda mara ya sita wote waligeuka wakamtazama Kashindye. Yeye alikuwa anafuta mikono yake polepole, anatazama ukutani ambako namba zake za chaki zilikuwa bado hazijafutwa.

Mwenye gereji alimwambia akae nyumbani mpaka injini ifunguliwe, na kwamba asiiguse. Kwa sababu watu walikuwa wanataka kuona, niliomba nifungue peke yangu, nikafunga mlango wa chumba cha injini. Nilisema ni kwa ajili ya vumbi. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwonea huruma, na nilitaka nikizikuta ringi za zamani nizikute bila mashahidi.

Nilizikuta mpya. Alama za upande wa juu zilikuwa zimetazama juu. Mianya ilikuwa imezungushwa, hakuna uliokaa juu ya mwenzake. Maandishi ya kiwandani yalisomeka, na ile rangi nyeusi ambayo ringi mpya huja nayo ilikuwa imebaki usoni mwake isipokuwa mstari mwembamba kama uzi. Ringi iliyofanya kazi wiki tatu ilipaswa kuwa imesuguliwa uso mzima. Hizi hazikuwa zimesuguliwa na chochote. Nikatazama silinda. Michirizi ya kukatana ambayo mchongaji anaiacha, ile inayozifanya ringi zisagike mpaka zikae, haikuwepo tena. Kuta zilikuwa zinang'aa kiasi cha kuiona sura yangu, na nilijitazama humo kwa muda.

Vijana, injini mpya haihitaji huruma. Inahitaji kukanyagwa. Ule moto mkali unapoisukuma pistoni ndio unaoikandamiza ringi kwenye ukuta, navyo vinasagana mpaka vinashikana. Ukiiacha sailensa siku nzima moto ni mdogo, ringi hazikandamizwi, na oili inayobaki ukutani inaungua taratibu na kuacha ngozi laini ya kung'aa. Ngozi ile ikishatanda, ringi zinateleza juu yake maisha yao yote. Kwenye injini za petroli za zamani na oili nyepesi ya enzi za Mzee Petro, nyingi zilisamehe. Dizeli hazikusamehe. Ndipo nikakumbuka malori ya mawe ambayo madereva wake walitudharau, wakapakia tani zao siku ile ile walipotoka gereji. Hayo hayakurudi. Waliorudi na moshi walikuwa wale waliotutii, na sisi miaka yote tuliwaambia wameuziwa ringi feki.

Niliyaelewa haya nikiwa nimepiga magoti mbele ya ile bloki ya injini. Sitawadanganya kwamba nilielewa baadaye.

Mzee Bundala alikuwa amekwisha kununua seti nyingine ya ringi, akaileta ikiwa kwenye boksi. Sikuifungua. Nilitaka kujua kwa hakika. Nilizichana silinda upya kwa mawe ya drili mpaka michirizi ikarudi, nikaziosha kwa maji moto na sabuni, maana petroli haitoi unga wa jiwe, nikazifuta kwa kitambaa cheupe mpaka kikatoka cheupe. Nikarudisha ringi zile zile za Kashindye, mahali pale pale. Nikaweka oili ya kawaida. Nilipowasha sikuinyonyesha hata dakika tano. Nilipakia mifuko ya mchanga na kulipeleka gari mlimani, napanda nikiwa nimekanyaga, nashuka nikiwa nimeachia, mara nyingi mpaka magoti yakauma. Safari ya kwanza lilitoa moshi. Ya nne ulipungua. Niliporudi gereji mchana, moshi haukuwepo.

Watu walishangilia. Waliliona boksi jipya likiingia, wakaona moshi umekwisha. Kwa akili zao kilichobaki kilikuwa wazi: Kashindye aliziiba zile za kwanza. Nami nilisimama pale na funguo za gari mkononi, seti mpya ikiwa ndani ya droo yangu haijafunguliwa, nikaacha waamini. Nikisema ringi ni zile zile, ningetakiwa kusema moshi ulitoka wapi. Ningetakiwa kusimama mbele ya wateja wa miaka yote niliowaambia wameuziwa feki. Ningetakiwa kumtaja Mzee Petro kaburini. Haya yote nilijiambia, lakini la kwanza kabisa lilikuwa kwamba niliona aibu. Ile seti niliifunga kwenye gari la mtu mwingine baadaye, bure, nikidhani nimefuta kitu. Kama kulikuwa na mwizi wa ringi Segese, mwizi mwenyewe ni mimi.

Mzee Bundala hakwenda polisi. Alikwenda kwa sungusungu wa kijiji cha akina Kashindye, maana ndiko mtu anakohukumiwa na wanaomjua. Kikao kilikaa asubuhi kwenye uwanja wa mnada. Mtu mmoja akakumbusha kwamba mwezi ule mtoto wa Kashindye, Ndalahwa, alikuwa amelazwa, akauliza dawa zake zilipatikanaje. Kashindye alisema aliuza mbuzi wawili. Walionunua mbuzi hawakuwepo kikaoni. Kisha nikaitwa mimi.

Mwenyekiti aliniuliza kama ni mimi niliyeifungua injini, nikasema ni mimi. Akauliza kama baada ya kuifunga tena moshi upo. Nikasema haupo. Alikuwa amekwisha kuniruhusu nikae, ndipo Kashindye akasimama.

"Muulizeni ringi alizozikuta zilikuwa za namna gani," alisema. "Mimi sikuwepo. Alizishika yeye."

Mwenyekiti akanigeukia. Mama Ndalahwa alikuwa amekaa upande wa wanawake, mtoto amemlalia mapajani.

"Zilikuwa zimechafuka," nilisema. "Sikuziangalia sana."

Fundi yeyote aliyekuwepo alijua kwamba haiwezekani mtu akafungua injini asiangalie ringi. Hakuna aliyesema. Kashindye alinitazama, si kwa hasira. Alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo.

Walimtenga. Wasiolijua jambo hilo waelewe kwamba halihitaji fimbo. Ukitengwa hakuna anayekusalimia, hakuna anayekupa moto, ukifiwa unachimba mwenyewe. Mkewe akifika kisimani wenzake wanabeba ndoo zao na kuondoka, wengine zikiwa nusu. Walivumilia hadi karibu na mvua, wakahama. Nilisikia wameelekea Mwakitolyo. Gereji walibaki wanamtaja kwa jina la Ringi, na jina hilo likawa utani wa kila mtu kwa miaka mingi. Sikuwakataza.

Niliacha kunyonyesha injini tangu mwezi ule. Mliponikuta tayari nilikuwa nawaambia: ikiwaka, ikaguliwe kama haivuji, ipakiwe, ikakanyagwe. Mlipouliza kwa nini mafundi wa zamani walifanya tofauti, niliwajibu kwamba oili zimebadilika. Ilikuwa nusu ya ukweli, na nilikuwa nimezoea nusu. Kila injini iliyotoka safi ilinikumbusha, kwa hiyo miaka yangu mizuri ya kazi ndiyo iliyokuwa mibaya kwangu. Mlinisifu sana kwa hilo. Sasa mnajua nililipata wapi. Na ombi langu kwenu ni hili moja: ukifungua injini ukakuta mwenzako hana kosa, mlango ufunguliwe saa hiyo hiyo, watu waitwe waone. Ukisubiri mpaka jioni utakuwa umeshapata sababu ya kunyamaza.

Nilikwenda Mwakitolyo mwezi uliofuata baada ya kustaafu. Niliuliza kwa Kashindye kwenye vibanda vitatu, hakuna aliyemjua. Kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza anafanya kazi gani, nikasema fundi wa injini, Msukuma, mtu wa Segese. Akasema, "Wa Segese? Si yule Ringi?" Wachimbaji huhama na habari zao. Nikasema ndiye, na sikuwa na namna nyingine ya kumpata.

Alikuwa na kibanda karibu na karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na vumbi la mawe lilikuwa juu ya paa, juu ya majani, juu ya nyusi zake. Alikuwa amekonda na alikuwa anakohoa. Tulisalimiana kwa Kisukuma, mwadila, mhola, akanivutia ndoo nikae. Hakuniuliza nilichofuata. Aliniambia anatunza mikanda na beringi za makarasha. Kufunga injini ameacha.

"Kwa nini?" nilimuuliza, kwa kuwa nilikuwa naogopa kuanza.

"Niliacha. Sikuamini tena mikono yangu. Ile ya Bundala niliifunga kama zote, nikapima zote, na bado ilikula oili. Basi kuna kitu nilikosea, na sikukijua. Ningekikosea tena."

Sikuwa nimelitegemea hilo. Miaka yote nilifikiri amebeba jina la wizi tu. Nikamweleza, mwanzo hadi mwisho, ile silinda inayong'aa, ile rangi nyeusi, lile boksi kwenye droo, mlima na mifuko ya mchanga. Alinisikiliza kifundi, akitikisa kichwa panapostahili. Nilipomaliza alikohoa kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo zilikuwa zile zile," alisema.

"Zile zile."

"Nilizipanga vizuri?"

"Ulizipanga vizuri. Sijamwona aliyezipanga vizuri kuliko wewe."

Akafunika uso kwa viganja, na mimi nikalia. Nilimwomba msamaha, akasema tungoje kwanza. Alimwita mkewe aliyekuwa anasonga ugali nyuma ya kibanda. Mama Ndalahwa alikuja na mwiko mkononi. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Nilimsalimia, akaitikia bila kunitambua mara moja, kisha akanitambua.

"Mama Ndalahwa, kaa usikie," Kashindye alimwambia. "Fundi Shija, sema tena."

Nikasema tena, kwa maneno machache, kwamba ringi za gari la Bundala hazikuibwa, kwamba nilizishika mimi zikiwa mpya, kwamba nilidanganya uwanjani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunijibu mimi. Alimgeukia mumewe, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Kumbe hukuchukua."

Kashindye alinyanyua kichwa.

"Mimi nilishakusamehe zamani, Baba Ndalahwa. Tangu tukiwa kule kule. Mtoto alikuwa anaumwa. Nilijiambia, mzazi gani asingechukua?"

"Mbuzi niliwauza," Kashindye alisema. "Ulijua niliwauza."

"Nilijua uliondoka nao. Nilidhani hawakutosha dawa."

"Hukuniuliza. Miaka kumi na minne."

"Niliogopa ungenidanganya."

Aliweka mkono begani kwa mumewe, Kashindye akausogeza taratibu, akaamka, akatoka kuelekea kwenye makarasha. Mimi na Mama Ndalahwa tulibaki tumekaa, watu wawili tuliomfahamu kuliko wengine wote, tukimsikia akikohoa huko nje.